Vazi la Kuazima: Mwanamke na Mwanamume katika Hadithi za Picha za Kijapani

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wajapani nao, kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, wameitazama nguo hiyo kwa jicho jingine. Katika fasihi yao na katika michezo yao ya jukwaani, mwanamume aliyevaa vazi la kike, au mwanamke aliyevaa vazi la kiume, aghalabu hakukusudia kujisitiri. Alikusudia kusema jambo ambalo vazi lake mwenyewe lilimzuia kulisema. Mkondo huo ndio uliozaa, mwaka 2002, hadithi ya mapenzi na mzaha iitwayo Ouran Koko Hosuto Kurabu, kazi ya Bisco Hatori, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la LaLa hadi mwaka 2010 na kukusanywa katika juzuu 18. Mwenye kuyaona majalada yake yaliyojaa mawaridi huenda akaidhani kuwa ni porojo za vijana. Lakini kicheko chake kina nasaba ndefu, na nasaba hiyo inaanzia kwa mshairi.

Mshairi huyo ni Ki no Tsurayuki, mmoja wa waliokusanya diwani ya Kokinshu mwanzoni mwa karne ya 10. Mnamo mwaka 935, baada ya kumaliza utumishi wake wa uliwali katika jimbo la Tosa, aliandika habari za safari yake ya bahari kurudi mji mkuu. Wanaume wa cheo chake waliandika kumbukumbu zao kwa Kichina, lugha ya serikali na ya elimu. Hati ya kana, iliyobeba Kijapani chenyewe, ilihesabiwa kuwa mkono wa wanawake. Tsurayuki akajifanya mwanamke, akaandika kwa kana. Ndani ya safari hiyo mna kilio cha mtoto wa kike aliyefia Tosa, ambaye wazazi wake wanarudi nyumbani bila yeye. Majonzi ya namna hiyo hayakuwa na nafasi katika maandishi ya afisa. Ilimbidi liwali aazime sauti ya kike ili apate kuomboleza kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Karne mbili baadaye vazi likageuzwa upande wa pili. Torikaebaya Monogatari, hadithi ya karne ya 12 ambayo mtunzi wake hajulikani, inasimulia juu ya ndugu wawili: mvulana mwenye haya apendaye kukaa ndani, na msichana mchangamfu apendaye mambo ya nje. Baba yao anatamani lau angaliweza kuwabadilisha, na tamanio hilo ndilo jina la hadithi. Msichana analelewa kama mwanamume, anapanda vyeo ikuluni, anasifiwa kwa elimu na muziki. Kisha anashika mimba, na ndugu hao wanabadilishana nafasi. Kila mmoja anarejea katika vazi la jinsi yake, na dada anaishia kuwa mke wa mfalme. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila hadithi iliyofuata imelazimika kulijibu: je, mwanamke aliyeonja uhuru ndani ya vazi la kuazima, hadithi inapokwisha anarudishwa wapi?

Jukwaa nalo lilikuwa na jibu lake. Mchezo wa kabuki ulianzishwa na mwanamke, Okuni wa Izumo, aliyecheza mjini Kyoto mwaka 1603 akiwa amevaa kiume. Mwaka 1629 serikali ikawapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani, na nafasi zao zikashikwa na wanaume. Waigizaji hao, onnagata, waliufanya uanamke kuwa fani ya kujifunza: mwendo, sauti, jinsi ya kushika kipepeo. Yoshizawa Ayame, bingwa wao aliyefariki mwaka 1729, alifundisha kwamba onnagata hana budi kuishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa. Basi uanamke ukapata mabingwa wa kuuigiza, ilhali wanawake wenyewe wakabakia kuwa watazamaji.

Mwaka 1914 mambo yakapinduka tena. Ichizo Kobayashi, mwenye kampuni ya reli, alitaka kuwavutia abiria waende Takarazuka, mji ulio mwisho wa njia yake. Aliunda kundi la wasichana watupu, na ikawa ni wao wanaoigiza wanaume. Mashabiki wao wengi walikuwa, na hata leo ni, wanawake. Wanamwona jukwaani mwanamume mpole, msikivu na mtanashati, ambaye huenda hawakupata kumwona nyumbani. Lakini kanuni ya kundi ni kwamba mwigizaji awe hajaolewa, akiolewa, anaondoka.

Katika mji huohuo wa Takarazuka alikulia Osamu Tezuka, ambaye mama yake alizoea kumpeleka kwenye maonyesho hayo. Kuanzia mwaka 1953 alichapisha katika jarida la wasichana hadithi ya Ribon no Kishi. Binti mfalme Sapphire amezaliwa na mioyo miwili, wa kiume na wa kike, na analelewa kama mwana wa kiume kwa sababu sheria haimruhusu mwanamke kurithi kiti. Anapigana kwa upanga kuwashinda wengi. Mwisho wake anaolewa. Tezuka alifungua mlango, lakini kizingiti alikiacha pale pale.

Miaka ya 1970 kalamu za hadithi za wasichana zilishikwa zaidi na wanawake. Riyoko Ikeda, katika Berusaiyu no Bara ya mwaka 1972 hadi 1973, alimwumba Oscar, binti aliyelelewa kijeshi na baba asiye na mwana wa kiume, anayemlinda malkia Marie Antoinette na kisha kujiunga na umma wa Paris. Oscar haolewi wala harudishwi jikoni. Anakufa katika kuishambulia Bastille mwaka 1789. Mwaka 1974 kundi la Takarazuka likaitia hadithi hiyo jukwaani, likavuna umaarufu mkubwa. Rumiko Takahashi naye akaleta dhihaka. Katika Ranma ½, iliyochapishwa tangu mwaka 1987 hadi 1996, kijana mpiganaji akimwagiwa maji baridi hugeuka msichana, na akimwagiwa ya moto hurudi mvulana. Jambo lenye uzito wa kisheria na kimila likawa suala la ndoo na birika.

Hatori alizikuta hazina hizo zote. Haruhi Fujioka ni msichana maskini aliyepata nafasi ya bure katika shule ya matajiri. Anavunja chombo cha thamani ya yeni milioni 8, mali ya klabu ya wavulana wanaowapokea wasichana, kuwamiminia chai na kuwasemesha maneno matamu. Kwa nywele fupi na nguo hafifu anadhaniwa ni mvulana, na deni anatakiwa alilipe kwa kuhudumu kama wao.

Utani wa hadithi umo katika jambo moja. Wavulana wa klabu ndio waigizaji: mmoja ni mwana wa mfalme, mwingine ni mwerevu asiye na hisia, mwingine bubu mwenye nguvu, kila mmoja na uanaume aliojishonea. Haruhi haigizi kitu. Anawasikiliza wasichana na kuwajibu kwa ukweli, na kwa hiyo tu anakuwa kipenzi chao. Baba yake hujipatia riziki kwa kutumbuiza akiwa amevaa kike, na bado ni baba kamili. Hata Takarazuka wanataniwa: wanafunzi wa shule jirani ya wasichana, wenye klabu ya kuigiza kwa mtindo huo, wanakuja kumshawishi Haruhi ahamie kwao.

Si kwamba dunia inamwachia hivi hivi. Siku moja ufukweni anawatetea wasichana wanaosumbuliwa na wanaume, naye anatupwa baharini. Rafiki zake wanamkemea: wewe ni msichana, mbona hukuita msaada? Haruhi haelewi jinsi yake inahusiana vipi na haki aliyokuwa akiitetea. Msomaji anaachwa na kero hiyo, kwa kuwa waliomkemea ni watu wanaompenda.

Mwisho wake Haruhi anampenda Tamaki, kiongozi wa klabu. Kwa jicho la haraka, ni marejeo yaleyale ya Sapphire. Lakini anakwenda Marekani kusoma, akiishikilia azma yake ya kuwa mwanasheria kama marehemu mama yake, na wanaofunga mizigo kumfuata ni wavulana. Dada wa Torikaebaya alipolivua vazi la kiume aliviacha humo cheo chake na kazi yake. Haruhi alilazimishwa kulivaa kwa sababu ya deni, na siku ya kulirudisha hakuacha kitu ndani yake.