Mwaka 1829: Haki ya Wakatoliki wa Irlandi

Tukitaja Irlandi ya karne ya 19, wengi hukumbuka njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Leo tunapenda kukumbuka mwaka mwingine, yaani 1829, ambao Wakatoliki wa nchi ile walipata haki yao bila kushika silaha.

Siku zile Irlandi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Wairlandi walio wengi walikuwa Wakatoliki, walakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuketi katika Bunge la London. Sheria ilimlazimisha kila mbunge kutamka kwamba sadaka ya Misa ni ibada ya sanamu. Ni Mkatoliki gani angekubali kutamka neno hilo?

Kiongozi wao alikuwa wakili Daniel O'Connell, aliyezaliwa katika jimbo la Kerry mwaka 1775. Alisoma Ufaransa wakati wa Mapinduzi, akachukia umwagaji wa damu. Hata hivyo hakuwa malaika: mwaka 1815 alimwua mtu katika pigano la bastola, akajuta maisha yake yote.

Mwaka 1823 alianzisha Chama cha Wakatoliki. Mwaka uliofuata maskini nao walikaribishwa: kila mmoja atoe peni moja kwa mwezi. Mapadre walisaidia kuzikusanya parokiani. Haba na haba hujaza kibaba. Tena aliyetoa peni yake alijua kwamba shauri hili ni lake pia.

Julai 1828 O'Connell aligombea kiti cha jimbo la Clare, akishindana na Vesey Fitzgerald, Mprotestanti aliyeungwa mkono na mabwana wenye ardhi. Kura haikuwa ya siri. Kila mtu alitaja jina kwa sauti mbele ya wote, na mkulima aliyemwasi bwana wake aliweza kufukuzwa shambani. Walakini wakulima wadogo, ambao shamba lao lilileta faida ya shilingi 40 tu kwa mwaka, walikwenda mjini Ennis pamoja na mapadre wao. Walikatazwa pombe, wakatii. Walikatazwa ugomvi, wakatii. O'Connell alipata kura 2,057, na Fitzgerald 982.

Ndipo serikali iliposhtuka. Waziri Mkuu alikuwa Wellington, yule aliyemshinda Napoleon, naye alikuwa mzaliwa wa Irlandi. Yeye na waziri Peel walikuwa wameikataa haki hiyo miaka mingi, lakini sasa waliogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme George IV alisitasita. Mwisho, tarehe 13 Aprili 1829, sheria ilipitishwa. Tangu siku ile Mkatoliki aliweza kuwa mbunge, tena kushika karibu vyeo vyote vya serikali.

Lakini siku ile ile ilitoka sheria nyingine. Katika Irlandi, kiwango cha shilingi 40 kilipandishwa kuwa pauni 10, yaani mara tano. Basi wakulima wale wa Clare, na wenzao maelfu kwa maelfu, walinyang'anywa kura. Mlango walioufungua kwa ujasiri wao uliwafungia wao wenyewe nje. O'Connell hakuizuia sheria hiyo, na kwa ajili hiyo wengi wamemlaumu.

Mwezi wa Mei alifika Bungeni. Alipoonyeshwa kiapo cha zamani alikikataa, akarudi Clare, akachaguliwa tena bila mpinzani. Alifariki Genoa mwaka 1847, akiwa safarini kwenda Roma, wakati watu wake walipokuwa wakifa kwa njaa. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872, na maskini wa vijijini walipata kura kwa wingi mwaka 1884 tu.

Tunamheshimu O'Connell, maana alionyesha kwamba taifa laweza kudai haki bila kuua. Lakini wakulima wa Ennis, ambao hatuyajui majina yao, walihatarisha shamba na chakula cha watoto wao ili wengine waingie Bungeni. Haki yapatikana kwa jasho la wengi. Wanaoifaidi wasiwasahau walioilipia.