Nguva wa Kwenye Droo

Hapa Uthiru jeni ni habari ya ng'ombe. Pale ILRI, iliyoanza 1973 ikiitwa ILRAD, wamesoma ng'ombe na vimelea vyao miaka nenda miaka rudi. Jenomu ya kimelea cha ndigana kali ilipochapishwa 2005, wanasayansi wa hapa walikuwemo. Mimi, niliyeacha chuo, jeni ninazofuatilia ni za mnyama asiyewahi kukanyaga Kabete: nguva.

Kwanza tumtoe kwenye hadithi. Kamusi humpa maana mbili, na watu wengi wanajua ile moja tu, ya nusu mtu nusu samaki. Nguva halisi hunyonyesha, hula nyasi za bahari, na ukoo wake uko karibu na ndovu na pimbi kuliko nyangumi. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha anaweza kukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Sasa mtegee jarife, zile nyavu za macho makubwa, halafu piga hesabu mwenyewe.

Taarifa za 1967 zinataja kundi la nguva takriban 500 kusini mwa pwani ya Kenya. Hesabu ya kutoka angani ya 1994 ilipata kama 10 hivi. Desemba 2022 IUCN ikawatangaza nguva wa Afrika Mashariki kuwa hatarini kabisa kutoweka: waliokomaa hawafiki 250, na kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji.

Basi utachukuaje sampuli ya mnyama usiyemwona? Jibu lilikuwa kwenye droo. Tangu karne ya 19 wakusanyaji walibeba mafuvu na meno ya nguva hadi makumbusho ya Ulaya, na sidhani kama uhifadhi ulikuwa akilini mwao. DNA ya mfupa mkavu huwa imekatikakatika. Ndiyo maana watafiti hutafuta ile ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama: kila seli ina nakala zake nyingi, ukikosa hapa unaokota pale. Utafiti ulioongozwa na Stephanie Plön, uliochapishwa 2019 katika jarida la PLOS ONE, ulisoma mabaki hayo na kuonyesha kwamba nguva wa magharibi mwa Bahari ya Hindi wana nasaba yao, tofauti na wa Australia.

Hapo ndipo historia inageuka siasa. Australia wana nguva maelfu kwa maelfu, na mtu anaweza kusema eti nguva bado wapo duniani, kelele za nini? Jeni zinamjibu: wa Lamu na Kiunga wakiisha, wa Australia si wale wale. Ukoo huu ulishapoteza jamaa tayari. Georg Steller alimkuta nguva mkubwa wa Bahari ya Bering mwaka 1741; kufikia 1768 alikuwa ameliwa hadi akaisha. Miaka 27!

Kinachonikera, wacha niseme tu, ni kwamba kumbukumbu ya bahari yetu inasomewa mbali wakati mashine za kusoma DNA ziko umbali wa kutembea kutoka chumba changu. Nguva akinaswa kesho Kiunga, kinachohitajika ni kipande cha ngozi cha ukubwa wa ukucha, kichupa cha spiriti, kibali, na mtu wa kukipandisha basi la Nairobi.