Mchanga wa Altona

Ufunguapo mfereji na kukinga maji, msomaji, huoni mkono wa mtu yeyote. Maji yaja maangavu, nawe wanywa ukaenda zako. Hata hivyo maji hayo yamepita katika elimu ya watu wengi ambao hawakuonana kamwe, na elimu hiyo haikuzaliwa katika mji mmoja. Ilitembea. Ilichukuliwa na watu waliosafiri kwa gari la farasi, kwa merikebu na kwa gari la moshi, wakatazama kazi ya wenzao, wakapima, wakaandika, kisha wakarudi kwao. Mahali pengine ilipokewa kwa furaha. Mahali pengine ilifika mlangoni ikaachwa ingoje nje. Nataka nikusimulie safari hiyo, na hasa habari za miji miwili ya Ujerumani iliyopakana, Hamburg na Altona, ambako kungoja huko kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 8,500 katika muda wa majuma machache.

Mwanzo wake ni mdogo. Mwaka 1804, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mtu mmoja aitwaye John Gibb alikuwa na kiwanda cha kung'arisha nguo. Kazi hiyo yataka maji safi, na maji ya mto yalikuwa na matope. Akayapitisha katika kokoto na mchanga mpaka yakatakata, na yaliyozidi haja yake akayauza mjini kwa mkokoteni. Hakuwa akitafuta afya ya watu. Alikuwa akitafuta nguo nyeupe. Mwaka 1827 James Simpson, mhandisi wa kampuni ya maji ya Chelsea katika jiji la London, alifunga safari ya kiasi cha maili 2,000 kwenda kutazama mitambo ya maji ya kaskazini, iliyofaulu na iliyoshindwa pia. Naiheshimu sana safari hiyo, maana wengi wetu tukienda kujifunza kwa wenzetu huonyeshwa mazuri tu, nasi twaridhika. Aliporudi, Simpson alijenga Chelsea uwanja wa mchanga wenye ukubwa wa ekari moja, nao ukaanza kazi mwaka 1829.

Kazi yake ni hivi. Maji huachwa yashuke polepole kupita mchanga laini, kisha changarawe, kisha kokoto kubwa, mpaka yafike kwenye mabomba yaliyo chini. Baada ya siku kadhaa juu ya mchanga hufanyika utando laini, wenye uhai ndani yake, na utando huo hunasa vijidudu vya maradhi na kuviharibu. Ukizidi unene na kuyazuia maji, hukwanguliwa, kazi ikaanza upya. Simpson hakujua habari za vijidudu. Aliona tu kuwa maji yaingia machafu na kutoka safi. Mwaka 1852 Bunge la Uingereza likatoa sheria kwamba maji ya mto yauzwayo London kwa matumizi ya nyumbani sharti yachujwe.

Sasa tuvuke bahari. Mji wa St. Louis katika Marekani hunywa maji ya mto Mississippi, na mto huo una tope jingi. Mwisho wa mwaka 1865 wakuu wa maji wa mji huo walimtuma mhandisi wao, James Kirkwood, mzaliwa wa Edinburgh, aende Ulaya kutazama namna miji ya huko ichujavyo maji ya mito. Alizunguka Uingereza, Uskoti, Ireland, Ufaransa, Ujerumani na Italia, akapima na kuchora. Aliporudi, waliomtuma walikuwa wamekwisha ondolewa kazini, na waliowafuata hawakutaka habari za mchanga. Taarifa yake ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1869. St. Louis haikujenga alichokishauri. Mji mdogo wa Poughkeepsie, kando ya mto Hudson, ndio uliomwita, na mwaka 1872 ukapata chujio la mchanga lililofanya kazi vizuri, la kwanza la namna hiyo katika Marekani. Mwaka 1876 kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mji kilikochapishwa ulikuwa Hamburg.

Tafadhali ushike jambo hilo moyoni, kwa sababu wako wasimuliao habari za Hamburg kana kwamba ulikuwa mji wa wajinga. Sivyo hata kidogo. Moto mkubwa ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji mwezi wa Mei 1842, Hamburg ulimpa kazi mhandisi Mwingereza, William Lindley, naye akauwekea mifereji ya chini ya ardhi ya kuchukua maji machafu, kabla London yenyewe haijaanza mifereji yake mikubwa. Wageni walikuja kutazama. Miongoni mwao alikuwa Ellis Chesbrough wa Chicago, aliyesafiri Ulaya mwaka 1856 ili mji wake upate kujenga mifereji ya majitaka. Basi Hamburg ulikuwa mwalimu. Labda ndiyo maana ulichelewa kuwa mwanafunzi.

Altona ulikuwa mji wa Prussia, na Hamburg ulikuwa mji uliojitawala wenyewe. Mpaka wao ulipita katikati ya nyumba. Mtu aliweza kuvuka barabara akawa ametoka mji mmoja na kuingia wa pili. Yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Hamburg uliyateka juu ya mji, ukayaacha yatulie kidogo, ukayapeleka majumbani bila ya kuyachuja. Altona uliyateka chini zaidi, karibu na Blankenese, mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha pokea majitaka ya miji yote miwili. Kwa kuwa maji yake yalikuwa mabaya kupita kiasi, Altona haukuwa na budi kuyachuja kwa mchanga, ukafanya hivyo tangu mwaka 1859.

Kwa miaka zaidi ya thelathini, basi, watu wa Hamburg walikuwa na somo ng'ambo ya barabara. Wahandisi wao walilijua. Kilichowashinda ni fedha na mashauri. Chujio ni ghali, nani alipe? Wenye nyumba walikuwa na sauti kubwa katika baraza la mji, nao hawakutaka mzigo mpya. Palikuwa na ubishi juu ya kodi ya maji na mita, mwaka baada ya mwaka. Wataalamu nao hawakuwa na kauli moja. Max von Pettenkofer wa Munich, bingwa aliyefanya mengi kuusafisha mji wake, alishikilia kuwa kipindupindu hutegemea hali ya udongo, si maji ya kunywa. Maneno ya bingwa kama huyo yalikuwa kimbilio jema kwa asiyetaka kutoa fedha. Hatimaye chujio lilikubaliwa na ujenzi ukaanza, lakini ulikuwa haujakwisha kiangazi cha mwaka 1892 kilipofika. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hamburg ulikuwa bado ukibishana juu ya bei ya maji ya kutia.

Mwezi wa Agosti kipindupindu kikaingia. Mabomba ya mji yakakichukua kila mtaa kwa siku chache. Watu wapatao 17,000 waliugua, na zaidi ya 8,500 wakafa, wengi wao maskini. Katika Altona waliokufa walikuwa mia tatu na kitu, na miongoni mwao walikuwamo walioambukizwa upande wa pili wa mpaka. Robert Koch, aliyetumwa kutoka Berlin, aliufuata mpaka huo nyumba kwa nyumba. Palikuwa na barabara ambayo upande mmoja watu waliugua na upande wa pili hawakuugua. Udongo ulikuwa mmoja, hewa ilikuwa moja, watu walikuwa wa hali moja. Palikuwa na majengo ya wafanyakazi ndani ya Hamburg yenyewe ambayo, kwa jinsi mabomba yalivyolazwa, yalipata maji ya Altona; nayo yalisalimika. Hapana mwalimu ambaye angeweza kupanga jaribio lililo wazi kuliko hilo, wala ambaye angethubutu kulipanga.

Pettenkofer hakushawishika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 73, alikunywa mbele ya mashahidi maji yenye vijidudu vya kipindupindu, akapata kuharisha tu, akapona. Ulikuwa ujasiri, lakini haukuwafufua wafu wa Hamburg, na chujio lilimalizwa kwa haraka, likaanza kazi mwezi wa Mei 1893.

Ungedhani hadithi imekwisha, Altona ukiwa mshindi. Lakini majira ya baridi ya mwaka 1893 kipindupindu kilitokea Altona. Koch alichunguza tena, akaona kuwa barafu iliharibu kazi ya kusafisha mchanga, na chujio moja likapitisha vijidudu bila ya mtu kujua. Mchanga peke yake hautoshi. Sharti pawe na mtu wa kuupima. Kwa hiyo zikawekwa kanuni kwamba maji ya kila chujio yapimwe kila siku, na chujio ambalo maji yake yana vijidudu zaidi ya 100 katika sentimita moja ya ujazo lisitumike. Katika habari hii yote, mimi naipenda sehemu hii kuliko nyingine, kwa kuwa aliyekuwa akitolewa mfano alikubali naye kukaguliwa, na kosa lake likaandikwa ili wengine walisome.

Mwaka huohuo wa 1893 mji wa Lawrence, katika Massachusetts, ulifungua chujio lake, kwa uongozi wa Hiram Mills, baada ya majaribio ya miaka kadhaa katika kituo cha bodi ya afya ya jimbo. Homa ya matumbo ikapungua sana. Kisha Mills huko Lawrence, na daktari Reincke huko Hamburg, kila mmoja peke yake, waliona kwamba baada ya maji kuchujwa hata vifo vya maradhi mengine vilipungua. Hapo hesabu za miji miwili iliyotengwa na bahari zilithibitishana.

Na St. Louis je? Ni katika mji huo huo uliokipuuza kitabu cha Kirkwood ambamo, mwaka 1881, watu 22 wa mashirika ya maji kutoka majimbo kadhaa walikutana wakaunda chama cha kupashana habari za kazi yao, na chama hicho kiko mpaka leo. Mji wenyewe ulipata machujio yake ya mchanga mwaka 1915, karibu miaka hamsini baada ya kumtuma mtu kwenda kuyatazama.

Hapa Kenya safari hiyo imechukua sura nyingine. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliunda bodi ya kudhibiti huduma za maji, ijulikanayo kwa kifupi WASREB, na tangu mwaka 2008 bodi hiyo imekuwa ikitoa taarifa inayozipanga kampuni za maji za nchi nzima katika jedwali moja: ni watu wangapi wapatao maji, kwa saa ngapi kwa siku, ubora wake, na ni maji kiasi gani yasafishwayo kisha yakapotea kwa mabomba yavujayo, kwa wizi au kwa mita mbovu. Hesabu hiyo ya mwisho ni ya kuhuzunisha, kwa kuwa kwa jumla ya nchi imezidi mara kwa mara asilimia 40. Lakini jina la Nyeri limeonekana mara nyingi katika safu za juu, na upotevu wake ni mdogo kuliko wa kampuni nyingi. Mkuu wa kampuni ambayo nusu ya maji yake yapotea njiani hawezi tena kusema kwamba mabomba ya nchi hii ndivyo yalivyo. Jedwali liko mezani, na yeyote asomaye atamwuliza Nyeri wao hufanyaje.