Mavazi ya Anime na Beni ya Babu Zetu

Sisi wa Brampton tunashukuru Mungu, theluji imekwisha na tumeanza kutoka nje kama watu wengine.

Ile picha ya mpwa wangu mwenye nywele za bandia za buluu na upanga wa kadibodi naona imezua maneno! Mama Mdogo (shikamoo) kanipigia simu kuuliza kama mtoto huku tunamlea au tumempoteza. Basi leo najibu kwa historia.

Picha ile nilipiga kwenye tamasha la Anime North. Hufanyika mwezi Mei kwenye ukumbi wa Toronto Congress Centre, Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege wa Pearson. Kutoka kwetu si mbali. Nilikuwa sijawahi kufika, na sijawahi kuona watu wazima wengi namna ile wamevaa mabawa!

Anime ni katuni za Kijapani. Kipindi cha Astro Boy cha Osamu Tezuka kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963. Huku Kanada, mwaka 1995 kipindi cha Sailor Moon kilitiwa sauti za Kiingereza hapa hapa Toronto, na watoto wakakipenda mno. Miaka miwili baadaye, 1997, wapenzi wa anime wakaanzisha tamasha lao. Mpaka leo linaendeshwa na watu wa kujitolea.

Na kuvaa kama mhusika wa hadithi hakukuanzia Japani. Mwaka 1939, New York, mama mmoja aitwaye Myrtle Douglas alishona mavazi ya watu wa siku zijazo, lake na la mwenzake Forrest Ackerman, wakaenda nayo kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi. Neno kosplei lenyewe lilitungwa na Mjapani Nobuyuki Takahashi miaka ya 1980.

Lakini Mama Mdogo, kwani sisi hatukuwa na beni? Miaka ya 1890 vijana wa pwani ya Kenya walianza kuunda vyama vya ngoma vyenye tarumbeta, sare na gwaride. Mombasa kulikuwa na Kingi, na Skochi waliovaa sketi kama askari wa Kiskoti. Tanganyika wakashindana Marini na Arinoti. Wanachama walipeana vyeo vya kifalme na kijeshi, na kila upande ulitaka kuupita mwenzake kwa umaridadi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari waliirudisha beni mpaka vijiji vya bara.

Wakoloni wengine walicheka wakisema hawa wanaiga Wazungu tu. Wengine wakaingiwa na wasiwasi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 akaonyesha kwamba vyama vile vilikuwa pia vya kusaidiana, kwenye ugonjwa na kwenye msiba. Nguo ilionekana, undugu ulikuwa chini yake.

Kuna jambo jingine nimemwambia mpwa wangu. Mwaka 1942 serikali ya Kanada iliwaondoa kwa nguvu watu wenye asili ya Kijapani wapatao 22,000 kutoka pwani ya Pasifiki. Nyumba na mashua zao zikauzwa. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1949, na wengi wakahamia Toronto. Serikali iliomba radhi mwaka 1988. Kwa hiyo kupenda vazi la mtu si sawa na kumpenda mwenye vazi, na mtoto anayeshona kimono ni vizuri alijue hilo.

Ila naelewa anachokipata pale. Shuleni na dukani huulizwa, "Wewe umetoka wapi?" Pale ukumbini, katikati ya Wahindi, Wajamaika, Wachina na Wasomali, kila mtu alimuuliza yeye ni mhusika gani, kisha wakaomba wapige naye picha. Vazi alilishona mwenyewe tangu Januari, kwa mkono, na shule hakuacha.

Sasa naomba: mwenye picha ya zamani ya beni kabatini kwa bibi anitumie. Mpwa wangu anataka mwakani aende na sare ya Marini!

Wasalaam.