Pikapu ya Isiolo: lami mpya, chuma cha zamani

Kwa kawaida hapa tunaongea msimbo, seva na simu. Leo tunaongea dizeli. Usikimbie! Ukivumilia mpaka mwisho utaona ni hadithi tunayoijua vizuri sana sisi watu wa programu.

Ilianza hivi. Mjomba wangu ana Land Cruiser pikapu, anabeba mizigo na mbuzi kati ya Isiolo na Marsabit. Mwezi wa Septemba 2023, bei ya dizeli Nairobi ilipovuka shilingi 200 kwa lita, alinipigia simu.

"Kijana wangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Njoo uchomeke hiyo laptopu yako kwa hili gari, uniambie mafuta yanaenda wapi."

Fundi mmoja alikuwa amemwambia injini imechoka, ifunguliwe yote. Kazi kama hiyo ni pesa ya kuuza ng'ombe kadhaa. Na asipoifanya, mjomba alisema, gari litamaliza faida yote kwa kunywa, na yeye ataliuza. Kwa familia ile, gari ndilo shamba, ndiyo karo ya shule, ndiyo kila kitu. Basi nikapanda basi la Isiolo na laptopu yangu mgongoni.

Kufika, nikafungua boneti. Hakukuwa na pa kuchomeka.

INJINI ISIYO NA KOMPYUTA

Marekani, magari madogo yote yanayouzwa tangu mwaka 1996 yanatakiwa kuwa na soketi ya uchunguzi iitwayo OBD-II. Leo ukiwa na kifaa kidogo cha bluetooth na simu, gari lenye soketi hiyo linakwambia linakunywa kiasi gani kila sekunde. Mimi nilikuja nimejiandaa kwa hilo.

Lakini pikapu ya mjomba ina injini ya 1HZ. Hii ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, ambayo Toyota waliianza mwaka 1990. Haina turbo. Pampu yake ya mafuta inaendeshwa kwa gia na kudhibitiwa kwa springi, si kwa kompyuta. Hakuna wa kuongea na laptopu yangu!

Mtu wa Nairobi anaweza kuuliza: kwa nini watu wa kaskazini waling'ang'ania injini ya namna hii wakati dunia ilikuwa inahamia kwenye injini za kisasa zisizokunywa sana? Jibu liko kwenye mafuta yenyewe. Ukipita Isiolo, kwa miaka mingi dizeli ilinunuliwa kutoka kwenye mapipa, ikiwa na maji na mchanga ndani. Tena dizeli yenyewe ilikuwa na salfa nyingi. Ni mwezi wa Januari 2015 tu ndipo nchi za Afrika Mashariki zilipohamia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Injini mpya zenye nozeli laini haziwezi uchafu huo. 1HZ inauvumilia, na ikigoma, fundi anaifungua chini ya mgunga kwa spana chache. Gari linalokunywa kidogo likakwama Laisamis usiku ni ghali kuliko gari linalokunywa sana likafika.

Kwa hiyo ule haukuwa ujinga. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mazingira yake. Tafadhali shika neno hilo, mazingira, maana tutarudi kwake.

KILA CHUMA NA MWAKA WAKE

Nilizunguka gari mara mbili. Juu ya kabini kulikuwa na keria ya chuma. Nyuma, fremu ya mabomba iliyopita urefu wa kabini, na turubai juu yake. Mbele, bampa zito la chuma. Tairi za spea mbili. Nafasi ya pipa la mafuta la lita 200, ambalo likijaa dizeli linakaribia kilo 170. Springi zimeongezwa. Tairi zenye meno makubwa ya kukamata tope.

Kila kitu pale kilikuwa jibu. Tatizo ni kwamba maswali yake ni ya zamani.

Enzi ya ukoloni, kaskazini yote ilikuwa Northern Frontier District, eneo lililofungwa kwa sheria ya mwaka 1902. Hukuingia bila kibali. Isiolo ikawa mji wa mlangoni. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na hata baada ya hapo ujambazi barabarani haukuisha. Wazee wa Isiolo wanakumbuka kizuizi kilichokuwa mwisho wa lami: magari ya kwenda juu yanasubiriana, yanaondoka kwa msafara na ulinzi. Mpaka leo utasikia mtu wa kaskazini anayesafiri kwenda Nairobi akisema "naenda Kenya". Ni mzaha, lakini mzaha wenye historia.

Kutoka kizuizi kile mpaka Moyale ni takriban kilomita 500, na zilikuwa za mawe, vumbi na matuta madogo-madogo kama bati lililolala chini. Lori lilichukua siku mbili au tatu kama mvua haijanyesha. Sasa vaa viatu vya mwenye pikapu wa wakati huo. Pipa ulibeba kwa sababu huna hakika ya mafuta mbele. Spea mbili, kwa sababu mawe ya Marsabit hayana huruma. Fremu ndefu, kwa sababu safari ni adimu na kila safari lazima ibebe kila kitu. Springi, kwa sababu ya yote hayo juu.

Kisha lami ikaja. Kazi ilianza upande wa Isiolo mwaka 2007, kipande cha kwanza kikiwa kilomita 136 mpaka mto Merille. Vipande vingine vikafuata, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Safari ya siku tatu ikawa safari ya siku moja. Biashara ikabadilika, bei za vitu zikabadilika, mwendo ukabadilika. Pikapu haikubadilika! Mjomba alikuwa anakimbia kilomita 100 kwa saa amevaa koti la barabara ya kilomita 40 kwa saa.

HESABU YA UPEPO

Haya, sasa tutoe kalamu. Nguvu ya upepo unaolizuia gari inakua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Hiyo ni fizikia, haijali gari ni la nani.

Kwa pikapu yenye keria na fremu, tuchukue kizuizi chake kwa hewa (yaani eneo la mbele ukizidisha na kiasi cha umbo lake) kuwa mita za mraba 2. Tuchukue pia kwamba injini inageuza asilimia 30 ya nishati ya dizeli kuwa kazi, na kwamba lita moja ya dizeli ina megajuli 36. Haya ni makadirio ya karatasi, lakini yanatosha. Kwa kila kilomita 100, upepo peke yake unakula hivi:

Kwa 40 km/h: kama lita 1.2.
Kwa 80 km/h: kama lita 4.8.
Kwa 100 km/h: kama lita 7.5.

Soma tena. Kwenye barabara ya zamani, keria na fremu havikugharimu kitu cha kusumbua usingizi. Kwenye lami, chuma kile kile, gari lile lile, dereva yule yule, upepo unakula zaidi ya mara sita! Kushuka tu kutoka 100 hadi 80 kunaokoa karibu lita 2.7 kila kilomita 100, na hujagusa spana.

Na uzito je? Hapa mimi mwenyewe nilishangaa. Toa kilo 150 za chuma, na kwenye lami ya tambarare utaokoa kama lita 0.2 tu kwa kilomita 100. Uzito unauma zaidi kwenye mchanga, kwenye mlima na mjini pa kusimama na kuondoka. Kupandisha gari la tani 3 mita 1,000 juu, kama unavyopanda kutoka Isiolo kuelekea Timau, kunakula karibu lita 2.7 za kupanda tu. Lakini huko kaskazini barabara kubwa ni ndefu na imenyooka, na adui mkubwa ni upepo. Watu wengi wanapunguza kilo na kuacha umbo. Ni kinyume.

Dunia iligundua hesabu hii kwa maumivu. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, Marekani waliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, kwa barabara kuu zote, kwa sheria ya Januari 1974. Sisi Kenya, vidhibiti mwendo vya 80 km/h vilipowekwa kwenye matatu mwaka 2004 chini ya kanuni za waziri John Michuki, lengo lilikuwa kuokoa maisha. Ila upepo haujui lengo lako: mguu ule ule uliookoa maisha uliokoa na dizeli.

BAGI KWENYE KIPIMO

Kabla ya kufungua bolti yoyote nilimwomba mjomba kitu kimoja: daftari. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita. Tembea. Jaza tena kwenye pampu ile ile, andika lita. Gawanya. Huo ndio uchunguzi wa gari lisilo na kompyuta, na ni wa kweli kuliko macho.

Hapo ndipo tulipokamata bagi. Tulilinganisha kilomita za gari na GPS ya simu kwenda Archer's Post na kurudi, na hazikukubaliana. Kumbe zile tairi za meno ni kubwa kuliko tairi za mwanzo. Tairi ikiwa kubwa kwa asilimia 5, inazunguka mara chache zaidi, na ukitembea kilomita 100 gari linaandika 95 hivi. Gari linalokunywa lita 15 kwa kilomita 100 litaonekana linakunywa karibu 15.8. Mjomba alianza kulalamika juu ya mafuta mara tu baada ya kubadilisha tairi. Sehemu ya ugonjwa wa injini ilikuwa kwenye kipimo! Fikiria kuuza ng'ombe kwa sababu ya kosa la kugawanya.

TULICHOTOA, TULICHOACHA

Tulikaa kivulini na chai, tukapitia kila chuma kwa swali moja: ulikuja kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo?

Keria ya juu ya kabini: ilibeba madumu na magodoro ya safari za siku tatu. Ikatoka. Fremu: ikakatwa hadi usawa wa kabini, turubai ikavutwa ikakaza. Pipa: likabaki nyumbani, kwani vituo vya mafuta sasa viko njiani. Spea ya pili: mjomba alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo iache." Nikaacha. Wiki nyingine anaingia Merti kwenye vumbi, na huko spea ya pili bado ni jibu la swali lililo hai. Springi zikabaki kwa sababu hiyo hiyo. Tairi za meno zitamalizia maisha yao kisha zitarudi za saizi ya mwanzo, na upepo wake utapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeshiba vumbi mpaka moshi ulikuwa mweusi, tukaweka kipya. Injini haikufunguliwa.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni ile 80 km/h. Mjomba alisema madereva wa miraa watampigia honi na kumcheka. Nikamwambia miraa ikilala inapoteza bei, wao wananunua muda kwa dizeli. Mbuzi wako hawaozi njiani, mjomba. Akacheka, lakini alielewa.

Miezi michache baadaye alinipigia. Zamani alilazimika kuongeza mafuta Marsabit ndipo arudi. Sasa anajaza Isiolo, anaenda, anarudi, na mshale haujagusa nyekundu. Gari halikuuzwa.

Wenzangu wa programu, nadhani mmeshaona. Ni mara ngapi tumerithi msimbo wa miaka kumi, tukaucheka, tukataka kuufuta wote? Na ni mara ngapi tumeogopa kuugusa, tukaulipia kila siku bila kujua? Yule fundi alitaka kuandika upya injini nzima. Mimi nilikuja na chombo cha kisasa kisichokuwa na pa kuchomekwa. Kilichosaidia ni kujua barabara ilikuwaje mwaka 1990 na ikawaje mwaka 2017.

Mwenye pikapu, kabla ya kufungua injini, fungua daftari. Tuonane makala ijayo, Mungu akipenda. Wasalaam.