Sanduku la CD Sita kwenye Njia ya Liboi

Kutoka mji wa Garissa hadi Liboi ni takribani kilomita 180, na Dadaab iko katikati ya njia. Kwa miongo mingi safari hiyo imekuwa ya mchanga na vumbi wakati wa kiangazi, na ya tope zito mvua inaponyesha. Ukifika Liboi umebakiza kilomita zisizotimia 20 uingie Somalia, upande wa Dhobley. Malori ya mifugo, magari ya misaada, ya polisi na ya jeshi, pamoja na Toyota za kila umri, yote yamepita hapo. Chenja ya CD, yaani sanduku linalobadilisha CD kadhaa lenyewe, haikubuniwa kwa njia kama hiyo.

Hata hivyo magari ya kifahari yalifika kaskazini mashariki mwa Kenya, na baadhi yake yalikuja na chenja butini au ndani ya dashibodi. Leo mwenye Mercedes ya miaka ya 1990 au Land Cruiser VX ya mwaka 2000 anapotaka kulirudishia gari lake chenja ya kiwandani, bei huwa ndiyo shida ndogo. Anaweza kupata sanduku linalokaa sawasawa mahali pake, plagi ikaingia bila kulazimishwa, na bado lisitoe hata mlio mmoja. Kisa hicho kina historia ndefu.

Redio ya gari ilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1930, pale ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walipotoa redio waliyoiita Motorola. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ilithubutu kuweka santuri garini. Kifaa hicho kilidumu muda mfupi tu, kwa sababu ambazo dereva yeyote wa barabara ya makorongo atazikisia mwenyewe. Mwaka 1965 Ford ilianza kutoa magari yenye kanda kubwa za njia nane za sauti, zilizobuniwa na William Lear. Lakini mshindi alikuwa amekwisha kuzaliwa: kaseti ndogo ya Philips, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963.

Kwa Wasomali, wa Kenya na wa ng'ambo ya mpaka, kaseti haikuwa burudani peke yake. Jamii inayouheshimu ushairi wa mdomo kuliko maandishi ilipata chombo kinachobeba sauti kama ilivyo. Mwishoni mwa mwaka 1979 Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kwa jina la Gaarriye, alianzisha mnyororo wa mashairi ulioitwa Deelley. Washairi kadhaa walijibizana humo kuhusu ukabila na utawala wa rais wa Somalia, Siad Barre. Hakuna gazeti la Mogadishu ambalo lingethubutu kuchapisha mjadala huo. Ulienea kwa kaseti, zikinakiliwa nyumba kwa nyumba na kuvuka mipaka mikononi mwa wasafiri. Familia nazo zilitumiana kaseti badala ya barua: mama anazungumza upande wa kwanza, mtoto aliye Ghuba anajibu upande wa pili. Kituo cha utamaduni cha Hargeysa, kilichofunguliwa mwaka 2014, kimehifadhi kaseti zaidi ya 14,000 za aina hizo, za muziki, ushairi na maigizo.

Kaseti pia ilistahimili safari. Utepe ukichomoka, dereva aliurudisha kwa kalamu. Vumbi likiingia, pamba na spiriti vilitosha. Gari likiruka shimo, wimbo haukukatika.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na Liboi, kituo kidogo cha mpakani, kikajikuta kinapokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi. Kambi ilifunguliwa hapo hapo. Ifo ilianzishwa mwaka huo huo karibu na Dadaab, kisha Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa, watu waliokuwamo walikaribia nusu milioni.

Pamoja na wakimbizi yalikuja magari ya mashirika. Mengi yalikuwa Land Cruiser za kazi, za aina ambayo Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada huagiza kupitia Gibraltar, ambako kuna kampuni maalumu ya Toyota kwa kazi hiyo. Ndani hazina anasa: viti vya plastiki, mapazia hakuna, na mbele antena ndefu inayoyumba kama fimbo ya mvuvi. Antena hiyo ni ya Codan, redio ya masafa marefu kutoka Australia. Kwenye njia ya Liboi hiyo ndiyo redio iliyokuwa na maana, kwa sababu ndiyo iliyojulisha ofisi kwamba gari limefika salama. Aliyetaka habari za dunia alifungulia idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ambayo nguvu zake upande huo wa Kenya hazikuhitaji kutangazwa na mtu.

Wakati huo huo dunia ya magari ya kifahari ilikuwa kwenye CD. Kicheza CD cha kwanza cha nyumbani, CDP-101 cha Sony, kiliuzwa Japani kuanzia Oktoba 1982. Mwaka 1984 Pioneer na Sony walileta vya gari. Lakini CD moja inabeba dakika 74 tu au zaidi kidogo, na kuibadilisha huku unaendesha ni hatari. Juu ya hayo, wanunuzi wa magari ghali walikuwa na makabati yaliyojaa kaseti na hawakutaka kuzitupa. Wahandisi wakapata njia ya kuwaridhisha wote: tundu la kaseti libaki kwenye dashibodi, na sanduku la CD sita au kumi lifungwe butini, likiamrishwa kwa vitufe vya redio ile ile. Ndiyo maana Mercedes ya mwaka 1996 inaweza kuwa na kaseti mbele na CD nyuma.

Lexus LS 400, iliyozinduliwa mwaka 1989 na kuuzwa Japani kama Toyota Celsior, ilisaidia kuifanya chenja kuwa alama ya gari la mtu mwenye nafasi.

Chenja nyingi ziliingia Kenya kwa mlango wa mitumba. Sheria ya Kenya inataka gari linaloingizwa lisizidi umri wa miaka minane, kwa hiyo gari la mwaka 1998 bado liliweza kushushwa Mombasa miaka kadhaa baadaye. Mkondo mwingine wa magari ni wa Dubai na Sharjah, ambao huishia upande wa Somalia. Huko watu huendesha kulia, ila magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani wa kulia vilevile. Ukisimama mpakani utaona usukani wa pande zote mbili. Tofauti nyingine haionekani kwa macho: redio za Japani za miaka hiyo zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 pekee, ilhali masafa ya Kenya yanafika 108. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huruka kwa hatua kubwa na kupitwa na vituo vyenye namba shufwa baada ya nukta. Wenye magari walifungiwa vigeuza masafa, au wakaing'oa redio nzima. Redio ilipong'olewa, chenja ya butini ilibaki yatima.

Mkondo wa tatu ni wa serikali, kwa magari ya kifahari ya wakubwa wake. Katika bajeti ya Juni 2009, waziri wa fedha Uhuru Kenyatta aliagiza mawaziri na maofisa wakuu waache magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi cc 1,800. Volkswagen Passat ndizo zilizonunuliwa. Fahari ya Wabenzi, jina ambalo wananchi walikuwa wamewapa wakubwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, ikapunguziwa injini kwa amri.

Sasa turudi kwenye ile plagi inayoingia vizuri na sanduku linalonyamaza. Chenja haichezi CD kwa akili yake. Inangoja amri kutoka kwa redio: washa, vuta CD ya tatu, ruka wimbo. Amri hizo hupita kwenye waya kwa utaratibu wa mtengenezaji, na kila mtengenezaji alijiwekea wake. Sony walikuwa na Unilink, Pioneer IP-Bus, Alpine M-Bus kisha Ai-Net, Toyota AVC-LAN. Katika miaka ya 1990 ilitolewa sanifu ya kimataifa ya plagi za redio za gari, ISO 10487, ambayo ilitenga hata sehemu ya chenja. Ilipanga umbo la plagi. Mazungumzo yanayopita ndani iliyaacha kwa wenye viwanda, na wenye viwanda hawakuwa na haraka ya kuelewana, kwa kuwa mteja aliyenunua redio yao alilazimika kununua na chenja yao.

Hata ndani ya kampuni moja mambo hayakutulia. Mercedes walitumia kwa miaka kadhaa chenja za waya zilizotengenezwa na Alpine. Ilipotoka S-Class ya mwaka 1998, sauti ilihamia kwenye nyuzi za mwanga kwa mfumo wa D2B. Nyuzi hizo zimeunganishwa kwa duara: ukichomoa kifaa kimoja bila kuufunga mduara, mfumo wote unanyamaza, redio na yote. BMW walifuata mwaka 2001 kwa mfumo wa MOST kwenye 7 Series mpya. Toyota nao walibadilisha soketi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutoka pini tano kwa saba hadi sita kwa sita. Sanduku la nembo ile ile, lenye sura ile ile, laweza kuwa geni kabisa kwa gari.

Halafu kuna vumbi la Liboi. Lenzi ya leza husoma vishimo vidogo kuliko unywele, na ukungu mwembamba wa vumbi unatosha kuipofusha. Chenja za zamani pia huzikataa CD nyingi za kuchoma nyumbani, hasa zile za kufutika, kwa sababu hurudisha mwanga hafifu. MP3 hazizijui kabisa.

Flashi ilipofika madukani Garissa na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, shindano lilikwisha bila kelele. Mwaka 2011 Ford ya Ulaya ilitangaza kwamba itaacha kuweka chenja za CD nyingi kwenye magari yake mapya, ikianzia na Focus. Mwaka mmoja tu kabla yake, Lexus SC 430 ilikuwa miongoni mwa magari mapya ya mwisho kuuzwa Marekani yakiwa na kaseti ya kiwandani. Kaseti, iliyotakiwa kufa kwanza, iliondoka karibu pamoja na iliyokuja kuirithi.

Wachina wamepata dawa nafuu: kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya chenja na kuidanganya redio kwamba chenja ipo. Nyimbo huwekwa kwenye flashi katika mafolda yaliyoitwa CD01 hadi CD06. Kwa anayesafiri kwenda Liboi kila wiki, hilo ndilo chaguo la busara, kwani halina lenzi wala mota.

Anayeshikilia chenja halisi, ili gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, asianze na chenja. Aichomoe redio kwanza, asome namba iliyobandikwa ubavuni na jina la aliyeitengeneza (Becker, Alpine, Fujitsu Ten, Pioneer), ndipo atafute sanduku linalotajwa pamoja na namba hiyo. Kabla ya kuichomoa au kukata umeme wa betri, ahakikishe anao msimbo wa kufungulia redio. Akilipata sanduku, afungue skrubu za usafirishaji na kupanga springi kulingana na namna litakavyolala, bapa au wima, la sivyo CD zitarukaruka hata kwenye lami. Na asilipe pesa kwa chenja isiyo na kasha lake la CD ndani, kwa sababu makasha ya mtindo mmoja hayaingii kwenye mwingine.