Kusoma na Kupiga: Tari katika Maulidi ya Lamu

Katika Kiswahili maulidi husomwa, ilhali ngoma huchezwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo iliyokuwa kiini cha mgogoro uliozuka Lamu tari lilipoingizwa katika ibada.

Waungwana wa mji walizoea maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, nao wakiyasoma kwa utulivu. Al-Habib Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, sharifu aliyetoka Ngazija akafanya maskani Langoni, alieneza maulidi mengine, ya Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut (aliyefariki 1915), yakifuatana na matari. Wengi wa wafuasi wake walikuwa watumwa, watumwa walioachwa huru na wageni wa Kihadhrami, watu wasiokuwa na sauti katika misikiti ya wakubwa. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa makao yao.

Wapinzani walishika kwamba tari huigeuza ibada kuwa ngoma. Swali hilo lilikuwa la zamani katika fikihi. Ghazali (aliyefariki 1111) alilijadili kwa kirefu. Lakini Lamu lilikuwa pia swali la daraja, kwani ngoma ilihesabiwa kuwa jambo la watumwa. Kukataa tari kulikuwa, kwa kiasi fulani, kuwakataa wapigaji.

Yafaa kuangalia namna maulidi hayo yanavyoendeshwa. Maneno ya Kiarabu hayaguswi. Uhuru umo katika mapigo: tari moja hushika mwendo, mengine hujaza nafasi na kuuharakisha, na safu za waitikiaji huyumba pamoja. Hivyo asiyejua Kiarabu huingia katika sifa za Mtume kwa mkono, kwa mwili na kwa kiitikio.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907. Heshima haikuja kwa amri hiyo. Sehemu yake ilipatikana Riyadha. Habib Saleh alifariki 1935, na hadi leo mamia kwa mamia humiminika Lamu kila Mfunguo Sita. Matari hulia, na bado watu husema kwamba maulidi yanasomwa. Kitenzi kimelipokea tari. Sisi wachunguzi wa fasihi, tunaohesabu miswada peke yake, hatuna budi kulipokea pia.